Shajara ya mradi: stendi za kuhifadhi na kusafirisha bloku za injini

3 Februari – tatizo lenyewe

Nina bloku 12 (ule mwili mkuu wa injini) za dizeli, silinda sita za mstari, zote bado zina krenkishafti na kepu zake ndani. Zimekaa chini juu ya matairi chakavu na vipande vya mbao, ukitaka ya nyuma lazima uhamishe tatu za mbele kwanza. Wiki iliyopita moja ililala ubavu yenyewe usiku, hakuna aliyeigusa, tairi tu lilichoka. Imemeguka kidogo kwenye ukingo wa sampu (pale bakuli la mafuta linapofungwa chini), na bahati hakukuwa na mguu wa mtu pale.

Miezi michache ijayo zinatakiwa ziingie kontena la futi 20 zisafiri. Nikasema sitengenezi kitu cha kuhifadhia halafu baadaye nitengeneze kingine cha kusafirishia, stendi iwe hiyo hiyo moja, bloku ikishafungwa haifunguliwi mpaka ifike. Naandika kila hatua ikiisha ili mwenye shida kama yangu achukue anachotaka, na makosa nayaacha humu kama yalivyo. Gharama nitazitaja kwa mita za chuma, fimbo za welding na masaa.

Leo tumepima tu. Mizani ya kuning'iniza kwenye chenbloko (winchi ya mnyororo ya kuinulia) imetoa kilo 212. Kitovu cha uzito tumekitafuta kwa njia ya kizamani, unaining'iniza bloku kwa pointi moja, unashusha timazi kutoka kwenye ndoano, unachora mstari kwa chaki, halafu unaining'iniza kwa pointi nyingine unachora tena, pale mistari inapokatana ndo penyewe. Kimeangukia milimita 400 kutoka uso wa nyuma (ule unaofungwa nyumba ya flaiwili). Dogo alikuwa anauliza tunapoteza muda wa nini na kamba yenye nati, ila namba hiyo moja ndo imeamua karibu kila kitu kilichofuata.

9 Februari – stendi ya kwanza, imekufa

Nilifanya kile ambacho kila mtu angefanya, nikaiga ile stendi ya gereji ya kuzungushia injini: nguzo moja, pleti juu, bloku inafungwa kwa nyuma na mbele inaelea hewani. Nguzo skwea paipu 60x60x3, kimo milimita 600, kitako upana wa 600.

Kwenye karatasi ilikuwa safi. Kilo 212 kwa umbali wa 400 ni kama Nm 830 zinazopinda nguzo, na chuma kinabeba bila shida. Hesabu ilisema pua ya bloku itashuka milimita 5. Tukafunga, tukaachia chenbloko taratibu, nikapima na rula: 11. Zile za ziada zinatoka kwenye pleti yenyewe kupinda na kona ya welding, vitu ambavyo sikuvipigia hesabu. Ukiisukuma pua kwa mkono bloku nzima inaitikia kwa kichwa, juu chini juu chini, kama mtu anayekubali kila unachomwambia.

Kwa gereji hiyo sio tatizo, stendi inasimama pale pale. Ila kwenye lori kila shimo la barabarani ni mpindo mmoja, na welding haipendi kupindwa mara elfu.

Halafu kuna la pili, baya zaidi. Kitovu cha uzito kilikuwa milimita 640 kutoka chini, nusu ya kitako ni 300. Tukafunga mnyororo wa usalama uliolegea kutoka juu, tukaweka jeki upande mmoja na kuinua polepole: kwenye digrii 25 hivi ikafika pale inapotaka kwenda yenyewe. Ukigeuza hiyo kuwa nguvu ya ubavuni ni kama 0.47 ya uzito wake. Mwongozo wa CTU wa 2014 wa kupakia makontena (ule wa IMO, ILO na UNECE) unakutaka uhesabu 0.5 ubavuni na 0.8 mbele kwa barabara, na kwa bahari chafu 0.8 ubavuni. Yaani stendi yangu ilikuwa inaanguka kabla hata haijafika bandarini.

Gharama: siku mbili, mita 7 za skwea paipu, pleti moja ya milimita 12. Chuma tumekikata tukakitumia tena, siku mbili ndo zimeenda.

17 Februari – mchoro mpya, shikilia pande zote mbili

Sasa bloku inakaa kati ya nguzo za nyuma na nguzo ya mbele, chini kabisa, kitako kipana milimita 900. Kitovu cha uzito kimeshuka mpaka 470. Kwa hesabu hiyo inafika karibu digrii 44 kabla ya kupinduka, na nguvu ya ubavuni inapita 0.9. Hapo nalala.

Kosa la wiki hii ni la aibu kidogo. Miguu ya chini nilitumia paipu ya 80x40 iliyosimama, kwa hiyo uwazi wa chini ni milimita 80. Tumemaliza, tumepiga praima, tunaita mtu alete paletijeki tusogeze. Haiingii. Uma za paletijeki zikiwa zimeshushwa kabisa ni kimo cha 85. Milimita tano bana! Tukasimama pale watu watatu tunaangalia zile milimita tano, na dogo akashauri tutoe upepo kwenye matairi ya paletijeki, ambayo haina upepo.

Kuanzia hapa miguu ni paipu ya 100x50 iliyosimama, na chini yake kisigino cha pleti milimita 10, uwazi unakuwa 110. Ukiiga kazi hii anza na paletijeki unayoitumia, ipime, ndo uchore stendi. Mi nilianza na bloku.

24 Februari – ufa

Siku mbaya. Bloku zilikuwa zimepuliziwa mafuta ya kuzuia kutu muda mrefu, na matundu ya nyuma ya M12 (boliti za kipenyo cha milimita 12) ni matundu yasiyotokea upande wa pili. Mafuta yametulia mle ndani. Tumepanga pleti ya nyuma, boliti za 8.8, jamaa akachukua bunduki ya upepo (ile ya kukazia boliti) akapiga moja, mbili, ya tatu ikaanza kuwa nzito. Akadhani ni uchafu kwenye nyuzi, akaongeza. Ikalia "tak", sauti ndogo tu, kama kuvunja kijiti kikavu.

Mafuta hayabanwi. Boliti inashuka kama pistoni, mafuta hayana pa kutokea, presha yote inakwenda kwenye ukuta wa tundu, na bloku ni ya kasti (chuma cha kumwaga), yenyewe ukiibana inavumilia sana ila ukiitanua haina huruma. Tulipofungua tukapanguza na kupaka chaki, baada ya dakika chache mafuta yakajichora yenyewe: ufa wa milimita 30 kutoka mdomo wa tundu kwenda pembeni.

Utaratibu mpya, na huu umeandikwa ukutani:

Kila tundu linapulizwa kwa hewa, kitambaa juu yake (mafuta yanaruka mpaka machoni, vaa miwani). Waya unaingizwa kupima kina, yetu ni 22. Pleti ni 12, washa mbili za 2.5 ni 5, boliti ya 35 inabaki na 18 ndani ya kasti, ambayo ni mara moja na nusu ya kipenyo, na chini inabaki nafasi ya 4. Boliti inaanzwa kwa mkono mpaka pleti iguse, halafu spana ya kupimia, Nm 60, basi. Bunduki ya upepo hairuhusiwi kusogea karibu na kasti.

Gharama: bloku moja. Haitasafiri. Ila nimeipa kazi nyingine, soma chini.

2 Machi – welding inavuta

Bloku yenye ufa imekuwa mfano wa kupangia, na pia itakuwa ya majaribio. Uzito ule ule, matundu yale yale, na ikiharibika zaidi hakuna anayelia.

Tulikuwa tunatengeneza stendi kwa vipimo vya karatasi halafu tunaleta bloku. Ya pili ilitoka na nguzo ya mbele imeinama ndani milimita 3, kwa sababu welding ikipoa inavuta upande iliopigwa zaidi. Ukifunga boliti kwa nguvu inakuja, pleti inagusa, ukiiangalia imekaa vizuri kabisa, lakini ile milimita 3 haijapotea, imehamia ndani ya bloku. Na kitako kikikaa kwenye sakafu isiyo sawa kinajipinda, bloku inapindwa nacho.

Tumerekebisha mara mbili. Kwanza, bloku ya mfano inafungwa kwenye pleti zote mbili, tunapiga doti tu kila kona, kisha tunaitoa ndo tunamalizia welding nje. Usipige welding bloku nzuri ikiwa imefungwa! Cheche zinadondokea kwenye uso wa juu uliochongwa, na ukikosea kuweka klempu ya ethi (ya kurudishia umeme wa welding) umeme unapita kwenye bering. Kwa mfuatano tunapiga upande huu kidogo, upande wa pili kidogo, tunakwenda kwa msalaba.

Pili, na hii ndo iliyonifurahisha kuliko zote, bloku sasa inakaa kwa pointi tatu. Nyuma nguzo mbili, mbele nguzo moja tu ya katikati, na tundu za pleti ya mbele tumezichonga ndefu, zinaruhusu milimita 6 kwenda na kurudi. Kigoda cha miguu mitatu hakitikisiki hata ukikiweka kwenye mawe, ni hivyo hivyo. Sakafu ikipinda kitako, bloku haina habari.

Tumejaribu kwa kuweka kipande cha milimita 15 chini ya kisigino kimoja. Kitako kilijipinda unaona kwa macho, boliti za mbele zikazungushwa kwa vidole bila shida.

11 Machi – kontena linaniambia nianze upya

Stendi tatu zimeshakamilika, kitako ni 1200 kwa 900. Nikakaa na karatasi kupanga kontena, kitu ambacho ningekifanya tarehe 3 Februari kama ningekuwa na akili. Ndani ya futi 20 kuna urefu wa mita 5.9 na upana wa 2.35. Mbili za 1200 kwa upana ni 2400. Haziingii, kwa milimita 50! Ukizigeuza zote, mbili za 900 kwa upana zinaingia ila kwa urefu zinakaa nne tu, jumla nane. Ukichanganya moja imegeuka moja haijageuka unapata kumi. Mi nina kumi na moja za kusafirisha.

Bloku yenyewe ni fupi, ile 1200 niliichukua tu kwa sababu ndo urefu wa paleti na mkono umezoea. Nikakata mpaka 1120. Mbili ni 2240, kwa urefu wa kontena safu sita za 900 ni 5400, jumla 12, na nafasi kidogo ya kubana.

Lakini sasa paletijeki inaingia kutoka mlangoni, maana yake inapita kufuata upande wa 900, na miguu yangu ilikuwa imelala upande mrefu, inaziba njia. Ikabidi miguu igeuzwe ipite upande mfupi na boriti ndefu zikae juu yake. Stendi tatu zote zimekatwa na grainda. Masaa 14, diski za kukatia 9, na mdomo nilinuna siku nzima.

Nguzo za kona za kupandishia stendi moja juu ya nyingine, nilizokuwa nimezichomelea moja kwa moja, nazo zimetolewa zimekuwa za kuchomoa, na pini. Zilikuwa zinazuia mnyororo wa chenbloko kushuka sawa. Kwenye stoo tunapandisha mbili, kwenye kontena hatupandishi.

19 Machi – safari ya kilometa 40

Bloku yenye ufa, stendi mpya, trela, barabara mbovu kwenda na kurudi. Kila boliti ilichorwa mstari wa rangi unaovuka kutoka kichwani mpaka kwenye pleti, ikizunguka hata kidogo mstari unakatika na unaona.

Boliti za nyuma hazikusogea. Za mbele mbili zimezunguka kama robo. Inaeleweka, zile tundu ndefu zinaruhusu kusugua, kwa hiyo washa ya kawaida haitoshi. Tumeweka washa nene pana ya milimita 6 inayofunika tundu lote, na waya wa kufungia unaopita kwenye vichwa vya boliti viwili vikivutana. Boliti ya mbele imerefuka milimita 5 kufidia hiyo washa nene, tumepima kina upya.

Kingine, kwenye mguu wa nguzo ya nyuma kushoto kulikuwa na ufa kama unywele kwenye welding. Haukuwa katikati, ulianzia pale welding ilipoishia, kwenye kona kabisa. Jamaa alikuwa anapiga kutoka kona mpaka kona anasimama, na pale anaposimama panabaki kishimo. Sasa welding inazunguka kona inaendelea sentimita mbili upande wa pili ndo inaishia, na tumeongeza pembetatu ya pleti milimita 6 kila nguzo. Kwa pleti nene tunatumia fimbo 7018 zilizokaushwa, kwa paipu ya milimita 3 inatosha 6013 ya 2.5, ukipiga na nene unatoboa.

Safari ya pili, barabara ile ile, kimya.

28 Aprili – kutu

Sikuandika muda kwa sababu ilikuwa kazi ya kurudia tu. Stendi ya kwanza ya muundo huu ilichukua masaa 19, ya mwisho masaa 5 na nusu. Stendi tupu ina kilo 61.

Ila tumevuna tulichopanda kwenye uhifadhi. Kati ya pleti ya nyuma na uso wa bloku tuliweka katoni ili chuma kisikwaruze chuma, na juu tukafunika na nailoni nzito tukaikaza kwa mkanda. Nilifungua moja leo kukagua baada ya wiki tano. Nikatoa pleti, kwenye uso wa bloku kuna kutu ya rangi ya chungwa yenye umbo la katoni, mpaka ile mistari midogo ya mikunjo ya ndani unaihesabu. Katoni inanyonya unyevu na kuubania pale pale. Nailoni nayo ilikuwa inatoka jasho ndani kila asubuhi.

Nyingine zote zimefunguliwa. Kutu ilikuwa ya juu juu, imetoka kwa msasa wa maji namba 600 na mafuta. Katoni imetupwa, uso umepakwa grisi na kuwekwa ile karatasi ya VCI inayotoa mvuke wa kuzuia kutu. Silinda zimepakwa grisi kwa mkono mpaka chini. Mfuko wa VCI umefungwa kabisa chini na juu na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu ndani, kwa sababu mfuko ulio wazi mvuke unaondoka. Grisi iwe mpya tafadhali, mafuta ya injini yaliyotumika yana asidi ndani yake.

Masaa 22 kwa bloku zote. Ningeweka karatasi sahihi siku ya kwanza ingekuwa masaa 6.

16 Mei – kupakia

Tulikata kabari za mbao za kubania kati ya stendi na ukuta wa kontena, nzuri kabisa, kutoka mabaki ya mbao stoo. Mpokezi akauliza zina mhuri? Mbao za kufungashia zinazovuka mpaka zinafuata ISPM 15, zinatakiwa ziwe zimepashwa moto mpaka katikati yake ifike digrii 56 kwa dakika 30, au zimefukizwa dawa, na mhuri uonekane. Zetu hazina. Shehena nzima inaweza kuzuiliwa kwa ajili ya kabari! Tumezitoa zote tukatengeneza upya kwa plaiwudi iliyogundishwa tabaka juu ya tabaka, maana plaiwudi haiguswi na sheria hiyo.

Kila stendi tumeandika uzito jumla kilo 273 na alama ya kitovu cha uzito pande zote nne, ili mtu wa foklifti asikisie. Mikanda ya racheti imefungwa kwenye kitako, hakuna unaopita juu ya bloku. Zimeingia kumi na moja, mlango umefungwa bila kusukumana.

7 Julai – zimefika

Nimetumiwa picha kumi na moja, mistari ya rangi yote. Kumi haijakatika. Stendi namba 7 boliti moja ya mbele imezunguka kidogo, na ukikuza picha unaona kwa nini: waya wa kufungia umepitishwa upande unaolegeza badala ya upande unaokaza. Ni kazi yangu hiyo, nakumbuka ilikuwa ya mwisho siku ile na taa ilikuwa imekatika.

Stendi ya kumi na mbili bado iko hapa na bloku yake yenye ufa. Kuna mtu ameshakuja kuuliza kama stendi hii inaweza kubeba bloku ya V8, nimeshaitoa kamba na nati, kesho tunaining'iniza.